Hanang na Mbulu: Nchi Isiyo na Pwani, Iishiyo kwa Bahari



Mtu akisimama Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, akageuka kila upande, hataona dalili yoyote ya bahari. Mbele yake ni Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, mmoja wa milima mirefu zaidi nchini mwetu. Nyuma yake ni tambarare za ngano na malisho. Pwani iliyo karibu iko umbali wa takribani kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Hata mito ya huku haiendi baharini. Maji ya Mbulu na Hanang huishia katika maziwa na mabwawa yasiyo na mlango wa kutokea, kama Manyara, Eyasi na Balangida, na wataalamu wa maji huliita eneo hili Bonde la Kati.

Pamoja na hayo, msomaji mpendwa, nchi hii inaishi kwa amri ya Allah (s.w.) kupitia bahari. Maji yake hayaifikii bahari, lakini bahari huifikia nchi hii kila mwaka kwa njia ya mawingu. Bahari ikipata joto, Hanang hufurika. Bahari ikipoa upande wetu, ng'ombe wa Mbarbaig hukonda. Na joto hilohilo linaloijaza Hanang maji ndilo linaloua matumbawe ya Tanga, Pemba na Mafia, ambako samaki wa kitoweo chetu huzaliwa. Haya tuliyatafakari kwa muda mrefu katika safari ambayo makala hii inaisimulia.

Safari ya kutoka pwani

Sisi ni wajumbe wanne wa kamati ya msikiti mmoja wa Tanga, ambao waumini wake wengi ni wavuvi na wauza samaki. Tulitumwa kuwazuru ndugu zetu wa kijiji kimoja kilicho chini ya Mlima Hanang, kuwapelekea misahafu na michango ya ujenzi wa madrasa, na kushauriana nao kuhusu mahali pa kuijenga.

Tulipitia Arusha, tukalala Babati, na asubuhi tukashika barabara ya Singida. Mkono wa kulia ukuta wa Bonde la Ufa ulisimama kama boma lisilokuwa na mwisho. Pande zote mbili za barabara mbaazi zilikuwa zimeshika maua. Tulipopita Dareda na Endasak mlima ulianza kujitokeza, kilele chake kikiwa kimefunikwa na wingu moja lisilosogea. Mwenyeji wetu, mzee wa miaka zaidi ya sabini aliyekuja kutupokea njiani, alituambia: "Wageni wetu, wingu lile ndilo baba na mama wa nchi hii. Likikaa sana tunaogopa, na likitoweka sana tunaogopa vilevile."

Watu wa huku ni wa asili nyingi. Wairaqw ni wakulima wenye lugha ya Kikushi. Wabarbaig, walio sehemu ya Wadatoga, ni wafugaji wenye lugha ya Kiniloti. Wanyaturu na Wanyiramba ni Wabantu kama wengi wetu, na katika bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, wamo Wahadzabe ambao lugha yao haina ndugu wa karibu duniani. Ni mahali pachache sana barani Afrika ambapo mtu anaweza kusikia lugha za asili nne zilizo mbali namna hii katika mnada mmoja wa ng'ombe. Waislamu ni wachache kati yao, lakini misikiti ipo katika miji na vijiji vya barabarani, na adhana husikika.

Alfajiri ya Desemba 3, 2023

Tulipoingia Katesh hatukuhitaji kuonyeshwa mahali tope lilikopita. Mawe makubwa bado yapo, mengine yenye ukubwa wa chumba, mahali ambapo hakuna mto ulioweza kuyaleta. Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Udongo uliokuwa umelewa maji uligeuka uji mzito, ukashuka makorongoni ukibeba miti na mawe, ukavikumba vijiji vya Jorodom na Gendabi na mji wenyewe wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu wa serikali waliochunguza walieleza kwamba halikuwa tetemeko la ardhi wala volkano kuamka. Ulikuwa ni mwamba dhaifu ulionyonya maji hadi ukashindwa kujibeba.

Siku hiyo viongozi wa dunia walikuwa wamekusanyika Dubai katika mkutano wa COP28 kuzungumzia tabianchi. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa miongoni mwao, naye akaikatisha safari yake na kurejea kwa wafiwa. Baadaye zilijengwa nyumba zaidi ya 100 katika eneo la Waret kwa ajili ya familia zilizobaki bila makazi.

Mzee wetu hakupenda kusimulia mengi. Alisema tu kwamba kwa siku kadhaa hapakuwa na tofauti kati ya huyu Mkristo, huyu Mwislamu na huyu wa dini ya mababu. Kila aliyekuwa na jembe alichimba. Sisi tuliwaombea marehemu rehema, tukakumbuka mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) kwamba Muumini anayekufa kwa maji au kwa kuangukiwa na kifusi amehesabiwa katika mashahidi.

Bahari inavyopanda mlimani

Kwa nini mvua ya msimu ule ilizidi? Mwezi Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikwisha kutangaza kwamba vuli ya mwaka huo ingekuwa kubwa kuliko kawaida, kwa sababu ya El Niño. Neno hili tumelizoea tangu mwaka 1997, wakati mvua ilipokata barabara na reli nchini kote, lakini wengi wetu hatujui linafanya kazi vipi.

El Niño ni hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika ya Kusini na katikati, kupata joto kupita kiasi kila baada ya miaka michache. Kinyume chake, maji yale yakipoa, huitwa La Niña. Lakini kwetu Afrika Mashariki yupo jirani mwenye nguvu zaidi, naye ni Bahari ya Hindi yenyewe. Mwaka 1999 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Japani walieleza kwamba bahari hii ina mizani yake. Katika baadhi ya miaka upande wa magharibi, yaani wa kwetu, hupata joto, na upande wa mashariki, karibu na Sumatra, hupoa. Miaka mingine mizani hugeuka.

Bahari yetu ikiwa na joto, maji mengi huwa mvuke, upepo huusukuma mvuke huo nchi kavu, na ukikutana na miinuko kama ukuta wa Bonde la Ufa na Mlima Hanang, hulazimika kupanda, kupoa na kuwa mvua. Ndiyo maana mvua ya Oktoba hadi Desemba huwa kubwa mno, na wakati huohuo Indonesia na Australia hukauka. Mizani ikigeuka, sisi ndio tunaokauka.

Mabadiliko haya ni ya asili, nayo ni ya zamani. Mwaka 1961, ule tuliopata Uhuru, mvua kubwa ilinyesha ingawa Pasifiki haikuwa na El Niño. Bahari ya Hindi peke yake ilitosha, na Ziwa Viktoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili katika miaka iliyofuata. Mwaka 2019 mizani ililala sana upande wetu, mafuriko yakaenea Afrika Mashariki yote. Kisha kuanzia 2020 hadi 2022 ikaja La Niña ya miaka mitatu mfululizo, na katika nyika za Simanjiro, mkoa huuhuu wa Manyara, mifugo mingi ilikufa kwa kukosa malisho na maji. Mwaka mmoja tu baadaye, mkoa uliokuwa unalia ukame ukawa unazika waliofunikwa na tope.

Matumbawe, mashahidi wasiosema

Sisi watu wa pwani tuliposikia haya tuliwaza ya kwetu. Mvua ya vuli ya El Niño huondoka Desemba au Januari, lakini joto la bahari halijaondoka. Hufikia kilele chake Machi na Aprili, kaskazi inapolegea na maji kutulia. Hapo ndipo matumbawe huugua. Bahari huipa nchi kavu maji kwanza, kisha yenyewe hushikwa na homa.

Wengi hudhani tumbawe ni jiwe, kwa kuwa babu zetu walijengea nyumba na misikiti kwa mawe yake na kuchoma chokaa yake. Ukweli ni kwamba mwamba ulio hai ni mji wa wanyama wadogo sana. Ndani ya miili yao huishi vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenyeji wao, na ndivyo vinavyolipa tumbawe rangi zake. Maji yakizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu, kwa majuma kadhaa, ushirika huo huvunjika. Mnyama huvitoa vijimea, naye hubaki mweupe kama mfupa. Wavuvi wetu husema mwamba umepauka. Maji yakipoa mapema, vijimea hurudi na mwamba hupona. Yakichelewa kupoa, hufa kwa njaa.

Mwaka 1998, miezi michache baada ya mvua zile kubwa, ndivyo ilivyotokea kutoka Kenya hadi Msumbiji, na miamba ya Mafia iliumia sana. Inakadiriwa kwamba takribani asilimia 16 ya miamba ya matumbawe ya dunia iliharibika mwaka ule, na Bahari ya Hindi ya magharibi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopata pigo kubwa zaidi. Na miezi michache baada ya maafa ya Hanang, Aprili 2024, ilitangazwa kwamba dunia imeingia katika kupauka kwa matumbawe kwa mara ya nne, na Tanzania ilitajwa katika nchi zilizoguswa. Tope la Katesh na mwamba mweupe wa Tanga ni watoto wa bahari moja.

Tena tumbawe huhifadhi kumbukumbu. Hukua kwa tabaka, kama mti unavyokua kwa pete. Huko Malindi, Kenya, wanasayansi walitoboa tumbawe moja kubwa na kusoma ndani yake joto la bahari la miaka 194, tangu mwanzo wa karne ya kumi na tisa. Waliona joto likipanda na kushuka pamoja na El Niño na La Niña, vizazi vingi kabla ya viwanda kujaa duniani. Waliona pia kwamba bahari imekuwa ikiongezeka joto. Na katika tumbawe jingine la Malindi, wengine walisoma udongo ulioletwa na Mto Sabaki kwa miaka 300, wakaona umezidi sana tangu ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kuchungwa kupita kiasi wakati wa ukoloni. Yanayofanywa bara, mwamba wa pwani huyaandika.

Kupanda Mbulu

Siku ya tatu tulirudi Dareda, tukapanda ukuta wa Bonde la Ufa kupitia Bashnet na Dongobesh hadi Mbulu mjini. Hewa ilibadilika, tukavaa makoti. Huku ni nchi ya mabonde ya kijani, vitunguu saumu, maharage na ng'ombe wanaofungwa zizini, na msitu wa Nou ukinyonya ukungu na kuutoa pole pole kuwa chemchemi.

Wairaqw wamelima miinuko hii kwa karne nyingi, hasa upande wa Kainam, bila kuiacha ikawa jangwa. Tuliona samadi ikirudishwa shambani, matuta yakikingama mteremko, na mashamba madogo madogo ya familia moja yakiwa yametawanyika mahali mbalimbali, hili juu na lile bondeni. Tulimuuliza mama mmoja aliyekuwa akipalilia kwa nini asiwe na shamba moja kubwa. Akacheka, akasema: "Wanangu, mvua haina ahadi. Ikiharibu la bondeni, tutakula la juu. Jua likichoma la juu, tutakula la bondeni." Vilevile watu hukopeshana ng'ombe, mmoja akae kwa rafiki wa mbali, ili ukame au maradhi yasimalize zizi lote kwa siku moja.

Wabarbaig nao walikuwa na njia yao, ya kuhama na mifugo kufuata mvua. Lakini kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Canada, yalichukua takribani ekari 100,000 za ardhi iliyokuwa bora kwa malisho yao. Ngano ilipatikana na nchi ilihitaji mkate. Ila mfugaji aliyenyimwa mahali pa kukimbilia siku ya ukame, ukame uleule wa zamani humpata kwa uchungu mpya.

Tulipokuwa tunarudi Katesh tulisimama juu ya Ziwa Balangida. Ni ziwa la chumvi. Miaka ya ukame hukauka likawa uwanja mweupe, watu wakaenda kukwangua chumvi. Miaka ya mvua hujaa na ndege hurudi. Watu wa huku hawasemi ziwa limekufa linapokauka. Wanajua lina zamu zake.

Asili na mkono wa mwanadamu

Hapa ndipo penye somo. Kubadilika kwa bahari, joto mwaka huu na baridi mwaka ujao, ni mpango wa Muumba, na viumbe vilipewa uwezo wa kuustahimili. Tumbawe huhitaji takriban miaka kumi au zaidi kupona baada ya pigo kubwa. Zamani lilikuwa linaipata. Lakini kupauka kwa dunia nzima kulikoandikwa mara ya kwanza mwaka 1998 kulirudi 2010, kukarudi 2014 hadi 2017, na kukarudi tena 2023. Dunia imeongezwa joto na moshi wa wanadamu, na kila El Niño inaanzia ngazi ya juu zaidi kuliko iliyotangulia. Mgonjwa hajainuka kitandani, homa nyingine imekuja.

Na penye baruti, juya linaloburuta mwambani na nanga zinazotupwa ovyo, mgonjwa huyo anapigwa akiwa kitandani. Tunao mfano mwema wa kinyume chake. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, wazee husimulia kwamba Nabii Khidhr alikifanya msala wake kwa kuwa kimeelekea kibla, na ndipo jina lilipotoka. Mwaka 1998 kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na miaka iliyofuata masheikh wa Pemba walishiriki kuwafundisha wavuvi uhifadhi kwa mafunzo ya dini. Wavuvi ambao hawakusikia amri za maofisa walisikia habari ya amana. Nacho kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ambako mnara wa taa na msikiti mdogo wa walinzi wake bado vipo, mwamba wake umefungwa kuvuliwa tangu 1994 na ni miongoni mwa miamba mizuri iliyobaki kwetu. Hifadhi haizuii joto la bahari. Humpa mgonjwa utulivu wa kupona.

Kiwanja cha wakfu

Turudi kwenye shughuli iliyotupeleka. Kiwanja cha madrasa kijijini kilitolewa wakfu na mzee aliyekwisha kufariki. Ni kizuri, kiko karibu na barabara, na kiko hatua chache kutoka kwenye korongo linaloshuka kutoka mlimani. Tope la 2023 halikukifikia. Watoto wa marehemu walitaka wasia wa baba yao utimizwe palepale. Baadhi ya wazazi walisema hawatapeleka watoto hapo msimu wa mvua.

Mjadala ulikuwa mzito. Kijana mmoja alisema, "Katibu, ajali ni ya Mungu, hata ukijenga kileleni itakufuata." Mzee wetu akamjibu kwa upole, "Mwanangu, Mungu huyo huyo ndiye aliyekuonyesha mahali tope lilikopita."

Tuliwaeleza tunayoyajua. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, wamekaza sana suala la kuuza au kubadilisha wakfu, na wa Hanbal wamelifungulia mlango pale manufaa yake yanapokatika. Ila hapa haikuhitajika kuuza kitu. Shura ya kijiji iliona kiwanja kibaki wakfu milele, kipandwe miti na majani ya mifugo ya kushika udongo wa korongo, na mapato yake yaende kwenye madrasa. Vyumba vya kusomea vitajengwa upande wa pili wa barabara, mahali palipoinuka, baada ya kupata ushauri wa wataalamu wa ardhi wa wilaya. Binti mkubwa wa marehemu, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, alisema: "Baba alitaka watoto wasome. Thawabu yake itapita hata kwenye majani." Mkutano ukaisha kwa dua.

Kwa familia zetu

Tunawausia wasomaji mambo machache. Utabiri wa vuli hutangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa karibu na mwisho wa Agosti na usomwe nyumbani kama yanavyosomwa matokeo ya mitihani. Ukisema El Niño, aliye bondeni na kando ya korongo asafishe mitaro na ajue atahamia wapi usiku. Mkulima achague mbegu na shamba kwa hesabu ya yule mama wa Mbulu. Ukisema La Niña, mfugaji auze baadhi ya ng'ombe wakiwa bado wana nyama. Na mvuvi, miezi michache baada ya mvua kubwa, auangalie mwamba. Akiuona umepauka, aupumzishe, avue mbali nao hadi kusi irudi na maji kupoa, na awaambie viongozi wa kikundi cha wavuvi.

Tunakumbuka habari ya Mtume wetu (s.a.w.), alipoombwa mimbarini aombe mvua wakati wa ukame, akaomba, ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata akaombwa tena kwa kuwa majumba yanabomoka, naye akaomba mvua ielekee milimani, mabondeni na kwenye mizizi ya miti. Hakuomba ikome. Nasi tunamwomba Allah (s.w.) aifanye mvua ya Hanang kuwa ya rehema, aipoze bahari yetu, na awape ndugu zetu wa bara na wa pwani akili ya kuzisoma ishara zake mapema. Amin.